Turubai Lililokwenda Ibaba

Vijana wanaotaka kuandika riwaya hunitembelea hapa Tunduma, wananywa chai yangu, kisha wananiuliza nilisomea wapi uandishi. Huwa nawajibu kwamba nilisomea mahakamani. Wanacheka, wakidhani bibi anatania. Sitanii. Nimesimama kando ya kizimba miaka mingi kuliko mwizi yeyote wa mji huu, na nimekiri makosa mengi kuliko wezi wote kwa pamoja. Nimeiba ng'ombe, nimevunja maduka, nimemwagia jirani maji ya moto, na mara moja nimezaa na mfanyabiashara ambaye alikana katakata kunifahamu. Yote hayo niliyasema kwa sauti mbele ya hakimu, halafu ikifika saa ya chakula nikaenda zangu kula.

Nilikuwa mkalimani. Mama yangu alikuwa Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje, baba Mnamwanga, nami nimekulia sokoni Tunduma nikimsaidia shangazi kuuza mchele kwa watu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kibemba nilikiokota pale pale, pamoja na matusi yake. Biashara ilipofunguliwa, mji ukajaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Walipozidi kuwa wengi wakaanza kudhulumiana, na walipodhulumiana wakaja mahakamani, kila mmoja na lugha yake. Mahakama ikatafuta mtu wa kutafsiri. Waliojua lugha nyingi kuliko mimi walikuwepo, ila walikuwa mpakani wanatajirika. Nikapata kazi mimi.

Mtu aliyenifundisha kazi ile ni karani wetu, Mzee Sinkala, mwanamume mwembamba aliyevaa sweta kiangazi na masika. Siku ya kwanza nilitafsiri hivi: "Mheshimiwa, anasema kwamba hakuchukua baiskeli." Mzee Sinkala aliniita nje akaniuliza ni nani anayesema. Nikamwambia mshtakiwa. Akasema hapana, anayesikika ni mimi, na kila nikisema "anasema" najitenga na yule mtu kana kwamba ananuka. Akanitaka nikirudi ndani niseme "mimi". Akichukua yeye, nimechukua mimi. Akilia, nisilie, lakini maneno yawe yangu.

Nilimtii, na utii huo nusura unipeleke rumande. Askari mmoja kijana, aliyehamishiwa kwetu wiki ile, aliingia ukumbini katikati ya kesi akanikuta nasema kwa sauti iliyotulia, "Ni mimi niliyempiga kwa mchi, na angenijibu tena ningempiga tena." Alikuja akasimama nyuma yangu. Nilidhani anatafuta kivuli. Tulipopumzika nilitoka kwenda kwa mama ntilie, na yeye huyo nyuma yangu, mpaka aliponishika mkono mlangoni na kuniambia nisimletee matatizo. Hakimu ilibidi atoke mwenyewe kumweleza. Habari ilifika sokoni kabla yangu, na kwa muda mrefu wauza nyanya waliniuliza kama mchi bado ninao.

Mnaposifu riwaya zangu kwamba mhusika anasema "mimi" mpaka msomaji anamwamini hata akiwa muuaji, mjue mmemsifu Mzee Sinkala. Na sentensi zangu fupi, ambazo mhariri wangu wa Dar es Salaam huziita mtindo, zilitokana na kalamu ya hakimu. Wakati ule hakimu aliandika ushahidi wote kwa mkono. Ukisema maneno mengi, anainua kichwa anakutazama kwa macho ya mtu aliyebebeshwa gunia. Basi nilijifunza kukata maneno yalingane na kalamu. Nilikwenda. Nikamkuta. Akanitukana. Siku hizi wanaandika kwa kompyuta, na nikisoma vitabu vya vijana wa sasa naona kweli hakuna mtu aliyewachelewesha.

Kuna kosa moja nililolifanya kwa juhudi kubwa. Alikuja Mzambia mfanyabiashara wa samaki, mtu mpole, kila sentensi yake inaishia na "mukwai". Kwa Kibemba hilo ni neno la adabu tu, linapita mdomoni kama pumzi. Mimi kwa kutaka kuonekana mwaminifu nikatafsiri kila moja: mheshimiwa. Nilikwenda sokoni, mheshimiwa. Samaki walikuwa wameoza, mheshimiwa. Mwisho hakimu aliweka kalamu chini akauliza kama shahidi anamdhihaki. Mzee Sinkala aliniambia baadaye kwamba adabu ya mtu haitafsiriwi neno kwa neno. Isikike katika namna ninavyosimama. Mnaoandika mazungumzo ya watu wa mpakani mkaweka "mukwai" kila mstari ili tujue mmevuka mkafika Nakonde, upande wa Zambia, someni hapo.

Lakini kesi iliyonifanya niandike ni moja tu, nayo ilihusu turubai.

Alhaji Mbaruku alikuwa msafirishaji, mtu wa Tanga kwa asili, aliyekuja Tunduma na lori moja kuukuu akawa na malori kadhaa. Maturubai yake yote aliyaandika neno moja, MASHALLAH, kwa rangi ya kijani, herufi kubwa za kuonekana kutoka mlima wa pili. Malori yakisubiri foleni ya kuvuka, yalilindwa na mlinzi wake, Anyandwile, Mndali wa Ibaba, mwanamume wa makamo asiye na maneno. Masika moja, lori likiwa tupu na Alhaji akiwa safarini Zambia, turubai lilitoweka, na mlinzi pia.

Halikutafutwa sana. Dereva mwingine wa Alhaji alipanda Ibaba kupakia viazi. Alipokata kona moja ya mlima aliliona limetandazwa juu ya ua wa miti, neno zima limeelekezwa barabarani. Wezi ninaowajua mimi huficha. Huyu alikuwa ameanika.

Anyandwile aliletwa Tunduma. Ndugu wa kumdhamini hakupatikana, maana kutoka Ibaba mpaka mjini masika ile ilikuwa safari ya kuaga watu, kwa hiyo alikaa mahabusu akingoja kesi. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee. Nyumbani alimwacha dada yake na shamba la mahindi lililojaa magugu, na mama yao alikuwa amezikwa siku chache kabla hajakamatwa. Matanga yalimalizika yeye akiwa ndani. Wizi wa mali ya mwajiri haukuwa jambo dogo, na mahabusu wenzake walikuwa wamekwisha kumwambia atafungwa.

Siku ya kusomewa shtaka, hakimu alimuuliza kama anajua Kiswahili. Hakimu wetu alikuwa kijana wa pwani, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Anyandwile alijibu kwa Kiswahili chake, chenye lafudhi ya mlimani:

"Kiswahili cha kulinda malori ninacho. Cha kumsemea mama sina."

Basi nikaitwa. Nikamsomea shtaka kwa Kindali, nikamuuliza kama ni kweli au si kweli. Akafikiri, akajibu, nami nikasema:

"Ni kweli nilichukua, lakini nilikuwa narudisha."

Hakimu alieleza kwamba sheria haipokei kweli yenye lakini. Ama ni kweli tupu, ama anaandika si kweli na kesi isikilizwe. Nilipomtafsiria, Anyandwile alikasirika kwa mara ya kwanza. Alisema yeye hajakana kitu. Alisema Ibaba mtu anaweza kuchukua kitu akasamehewa, lakini akiitwa mwongo, binti zake hawaolewi. Hakimu akasema kwamba anaandika si kweli kwa faida yake mwenyewe. Anyandwile akasema faida hiyo haitaki. Nilisimama katikati nikigombana na hakimu kwa Kiswahili, nikigombana na mshtakiwa kwa Kindali, wote wawili wakinitazama mimi kana kwamba mkaidi ni mimi. Mzee Sinkala aliinamisha uso kwenye karatasi zake, nikaona mabega ya sweta yanatikisika.

Ikaandikwa si kweli.

Alhaji alitoa ushahidi wake akiwa amevaa kanzu safi. Alisema turubai ni lake, hakumpa mtu ruhusa, na jambo lililomuuma zaidi ni simu aliyopigiwa na mfanyabiashara mwenzake akimuuliza tangu lini anafadhili misiba ya Wakristo. Mmoja wa wazee washauri wa mahakama alimuuliza lilirudi katika hali gani. Alhaji alisita. Alikuwa mkali, ila hakuwa mtu wa kusema uongo akiwa ameapa. Akasema lilipotea likiwa na tundu kubwa pembeni, na liliporudi tundu lilikuwa limeshonwa. Mzee yule akauliza limeshonwaje. Alhaji akasema limeshonwa vizuri, kwa uzi wa mkonge, na kwamba tundu lile fundi wa mjini alikuwa amemzungusha nalo tangu mwaka uliopita.

Ukafika wakati wa Anyandwile kujitetea. Alitazama chini akaanza kuzungumza, nami nikawa yeye.

Nilisema nililetewa habari ya msiba nikiwa zamu. Nilisema nilimtafuta Alhaji nikaambiwa yuko Zambia. Nilisema mvua ilikuwa ya siku zile ambazo mlima hauonekani, na nyumba ya mama yangu ni ndogo, haiwezi kuingiza hata wanakwaya, na mama yangu alijulikana na watu wengi. Hapo akaanza kueleza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Hakimu akamkatiza, akamtaka aeleze kuhusu turubai. Akarudi kwenye turubai. Nilisema niliona lile lori tupu na turubai limekunjwa juu yake, nikawaza watu watakaonyeshewa kwa ajili ya mama yangu. Nikalichukua. Nikapata gari lililokuwa linapanda. Akateleza tena kwa mama yake, hakimu akamrudisha tena. Nilisema tulilifunga kwenye miti, watu wakakaa, mchungaji akahubiri chini ya neno la Alhaji na hakuna aliyedhurika.

Hakimu akauliza kwa nini hakulirudisha mara tu baada ya maziko. Anyandwile alionekana kushangaa swali lile.

"Lilikuwa limelowa," nilisema. "Turubai likikunjwa likiwa bichi linaoza. Siwezi kumrudishia mtu mali iliyooza. Nililianika, nikalishona tundu lake, nikawa nangoja jua. Jua la Ibaba masika halina haraka. Siku lilipokauka ndiyo siku waliyonikamata."

Mimi nilikuwa nimemaliza. Nilimtazama Alhaji. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama msafirishaji aliyesikia jambo la usafirishaji lililosemwa sawasawa.

Hakimu alisoma hukumu wiki iliyofuata. Alisema kuiba ni kuchukua ukiwa na nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja, na mtu anayeshona tundu na kungoja jua hana nia hiyo. Wazee washauri walikubaliana naye. Anyandwile akaachiwa. Nilimtafsiria hukumu nikitabasamu. Yeye hakutabasamu. Aliuliza kama lile neno "si kweli" litafutwa. Nikamwambia halifutwi. Akashukuru kwa adabu, akatoka.

Nje, Alhaji alimpa mkono. Kazini hakumrudisha. Aliniambia kwamba mlinzi mkweli namna ile anamtia hofu. Alisema siku moja mlinzi huyo atamwachia malori yote mtu mwenye msiba mkubwa zaidi. Turubai aliendelea kulitumia miaka mingi, na nadhani lile tundu lililoshonwa ndilo lililokuwa la mwisho kuchakaa.

Nilistaafu karibu na mwisho wa kipindi ambacho tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, watu wanazungumza tu habari za kugawanywa. Nyumbani nilikosa mtu wa kumsemea. Mume wangu aliongea Kiswahili na Kinamwanga, na vyote nilivielewa yeye hajafungua mdomo. Nikaanza kuandika, kwanza kwa kujificha, halafu bila kujificha kwa sababu hakuna aliyejali. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kuhusu turubai. Jina la mshtakiwa nililibadilisha, kijiji nikakisogeza, Alhaji nikamfanya mtu wa Kigoma. Mhariri alipenda kesi. Alisema kwa jinsi maswali na majibu yanavyokwenda, msomaji anaweza kusikia viti vya mahakama vikilia. Aliomba kitu kimoja tu: mshtakiwa afungwe, kwa sababu vitabu vya kuachiwa haviuziki. Nikamfunga.

Kitabu kilichapishwa kikasafiri, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka shule za Ileje. Na asubuhi moja nikiwa napepeta mchele barazani, nikasikia hodi. Alikuwa mzee mwenye fimbo, na nyuma yake mwanamke kijana, mwalimu, ameshika kitabu changu.

Nilimtambua Anyandwile kabla hajakaa. Binti yake alinisalimia kwa heshima zote, akaniita mama, akasema amemsomea baba yake kitabu chote, sura kwa sura, akikigeuza kwa Kindali anavyosoma. Nilijua jinsi ilivyo kazi kumsemea mtu, na sasa mtu mwenyewe alikuwa amesemewa maneno yake na mtu wa tatu, tena akiwa amefungwa gerezani wakati hakufungwa.

Nikaanza kumweleza kuhusu mhariri. Akainua mkono. Alisema habari ya kufungwa haimsumbui. Alikaa mahabusu kiasi cha kutosha kujua ninachosema, na wajukuu wameipenda sehemu ile. Alisema pia kwamba kesi nimeiandika vizuri, hata alimsikia hakimu.

"Nimekuja kwa ajili ya mama," alisema.

Sikuelewa. Akamwomba binti yake afungue kitabu ukurasa fulani. Binti akasoma, kwa aibu kidogo, mstari mmoja: mama yake mshtakiwa alikuwa amefariki, na mvua ilikuwa inanyesha. Akafunga kitabu.

"Turubai umelipa kurasa nyingi," Anyandwile alisema, bila ukali. "Tundu lake umelipa kurasa mbili. Yule aliyefunikwa na turubai umempa mstari, tena anaugawana na mvua."

Vijana, nimesomewa hakiki nyingi za vitabu vyangu, nyingine na maprofesa. Hakuna iliyonipata kama ile. Kwa sababu ilikuwa kweli, na nilijua ilikotoka. Mahakama ilinifundisha kusema "mimi" na kukata sentensi. Ilinifundisha pia kwamba mtu akiulizwa habari za turubai, mama yake si sehemu ya kesi. Hakimu alimkatiza kwa sababu sheria ilimtaka amkatize. Mimi nilipokaa peke yangu na kalamu yangu, bila hakimu, bila mtu wa kunihimiza, nilimkatiza tena. Sikuwa hata nimejua kwamba ninafanya hivyo.

Nikaweka ungo chini. Nikamwambia azungumze, na kwamba leo hakuna swali.

Alizungumza mpaka jua likahama barazani. Mama yake aliitwa Tupokigwe. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na kanisani pale Ibaba ndiye aliyeanzisha nyimbo kwa muda wote ambao mtu yeyote aliweza kukumbuka. Alianzisha juu mno. Kila Jumapili alianzisha juu mno, ubeti wa kwanza watu wakamfuata wakikaza shingo, wa pili wakapotea mmoja mmoja, wa tatu akabaki yeye peke yake, amefumba macho, anaendelea. Mchungaji alijaribu kumpa kazi nyingine ya kanisa. Aliipokea hiyo pia. Hakuna aliyethubutu kumwambia, na baada ya miaka hakuna aliyetaka kumwambia.

Yule mwalimu alikuwa anacheka, kisha akaacha kucheka, maana baba yake alikuwa anatazama mikono yake.

"Siku ya kumzika," aliendelea, "tulikaa chini ya lile turubai. Mvua juu, watu wamejaa. Mchungaji akataja namba ya wimbo. Hakuna aliyeimba. Tulikaa tu. Nilifikiri watu wanalia, nikawatazama, hawalii. Walikuwa wanamngoja yeye aanzishe."

Nilimuuliza ni nani aliyeanzisha mwishowe.

"Mimi," alisema. "Na sijui kuimba. Nikaanza juu mno, kama yeye. Kufika ubeti wa pili tulikuwa tumeshindwa wote."